Barafu ya Mwerezi

Tangu nirudi kutoka Empakaai sijaweza kunywa chai dukani kwa amani. Mmoja anauliza kama ni kweli yule Bibi alikwenda kuvua samaki kwa mbao. Mwingine anataka kujua kama ana mume. Na wote mnauliza, kwa sauti ya huruma ambayo nyuma yake naona meno, kwa nini Mwalimu mstaafu, aliyefika sekondari zamani zile ambapo darasa la nne lilimtosha mtu kuvaa viatu hata siku za kazi, alirudi Karatu akiwa na mavi ya ng'ombe kwenye nyusi. Nimeamua kuandika mara moja ili nisijibu kila siku. Habari za vibali na mihuri naziruka. Vibali vilikuwepo, mihuri ilipigwa, wino ulituchafua sote. Yaliyobaki ni haya. Pale nilipokosea nimesema nilikosea, maana mkisikia kwa Hamadi dereva mtasikia vibaya zaidi.

Karatu, kwa Fundi Sefu

Bibi Ragna ni mdogo wake nesi wa misheni, yule mrefu anayewafokea wanaume wanaochelewa kuwaleta wake zao kujifungua. Alikuja kumtembelea dada yake, lakini watu wa kwao hawajui kutembea tu. Lazima waje na kazi. Kazi yake ni bahari za mbali kaskazini, kule ambako baridi hugandisha maji ya bahari, juu yakawa barafu ambayo watu huikanyaga na kupita. Alinieleza shauri lake nyumbani kwa dada yake, mbele ya sahani ya viazi vilivyochemshwa bila chumvi.

Upepo ukivuma juu ya bahari, alisema, huyaburuta maji ya juu, nayo huyavuta ya chini yake, na ndivyo mikondo mikubwa inavyozaliwa. Sasa barafu ikikaa katikati ya upepo na maji, mkondo unakuwaje? Mkuu wake wa kazi alikuwa na jibu la siku nyingi: barafu ni kifuniko. Funika sufuria, pulizia mpaka mashavu yaume, mchuzi hautatikisika. Bibi Ragna alikuwa akibisha. Barafu iliyoshikana, sawa, ni kifuniko. Lakini barafu iliyovunjika vipandevipande, alidhani, huyapeleka maji mbio kuliko hata kama isingekuwepo kabisa.

"Si ungemwonyesha hukohuko kwenye barafu?" nilimuuliza.

"Meli za huko hazipandishi wanawake. Wanasema mabaharia watakosa raha."

"Na raha yako je?"

"Hiyo haijawahi kuwekwa kwenye ajenda."

Nilicheka. Kisha nikakumbuka kikao kimoja cha walimu tulichokaa mpaka jua likazama, tukijadili kama mwalimu wa kike apande ngazi kufunga kengele ya shule. Nami nilisema asipande. Nikaacha kucheka.

Mkuu wake alikuwa amempa neno moja. Meli ingeondoka mwaka ujao. Kabla haijaondoka, akileta hata kipimo kimoja kinachosimama kwa miguu yake, swali lake litaingia katika kazi za meli. Asipoleta, lisitajwe tena. Kwa hiyo Bibi Ragna alitaka ziwa lenye kina, lenye upepo, lisilo na viboko wala mabaharia. Ziwa la ndani ya Kreta kubwa kina chake ni cha magoti. Nikamtajia Empakaai, naye akanifanya mkalimani na msimamizi papo hapo.

Na barafu? Barafu ingechongwa. Alichora kipande cha ubao cha mraba, ukubwa wa sinia, chenye ukingo ulioinuka pande zote, ukingo wenyewe mbaya, umechongokachongoka kama meno ya msumeno. Alitaka vingi, vya mwerezi, maana mwerezi ni mwepesi. Akaniachia mchoro, akaenda Mbulu na dada yake.

Fundi Sefu aliugeuza mchoro, akautazama juu chini. "Mwalimu, huyu mama anataka nini? Ukingo huu utamchana mtu."

"Amechora harakaharaka," nilisema. "Wenzetu huchora haraka, wakatuachia sisi kumalizia."

"Kwa hiyo nisiuweke?"

"Weka kazi inayoweza kuonekana mbele ya mgeni, Fundi. Jina la Karatu liko mkononi mwako."

Nanyi mngefanya vivyo hivyo, msinitazame. Mtu wa kwetu hampi mgeni kitu chenye miiba. Ukimpa kigoda unakifuta kwanza. Ukimpa fimbo unaitoa vifundo. Sefu alipiga randa, akapiga msasa, akasugua nta, mpaka kila kipande kikawa laini kama shavu la bwana harusi. Kisha akavifunga kwenye magunia visichubuke njiani. Bibi Ragna aliporudi aliyapiga makofi magunia yale kama mtu anayenunua fahali, akasema twende.

Kutoka Karatu hadi ukingo wa Kreta

Hamadi huendesha Landrova ya duka la mjomba wake kwa imani zaidi kuliko kwa breki. Kabla hatujafika njiapanda ya Oldeani alikuwa ameshatusimulia ugomvi wote wa wenye mashamba ya ngano upande ule, na nani amemloga nani. Tulipoingia msituni kupanda mlima, ukungu ulishuka na rejeta ikachemka kwa wakati mmoja. Tukasimama. Ukungu ulipofunguka kidogo tukaona nyati dume katikati ya barabara, ametazama pembeni kama karani anayejua una shida naye.

"Mpigie honi," nilisema.

"Mpigie wewe, Mwalimu. Mimi nina watoto."

Hatukumpigia. Tulikaa ndani ya gari, Bibi Ragna akafungua chupa ya chai na chapati alizofunga mke wa Hamadi. Mimi nilidhani tunakula. Yeye akaimimina chai kwenye sufuria yetu ya safari, akaiweka juu ya magoti, akaitandaza chapati nzima juu yake mpaka ikagusa kingo pande zote.

"Puliza," aliniambia.

Nilipuliza. Chapati ilitulia, na chai chini yake ikatulia.

"Huyo ni mkuu wangu," alisema. "Ana haki. Sasa tazama." Akaichukua chapati, akairarua vipande vidogo, kila kipande akakikunja kidogo ukingo kwa kidole, akavitupa juu ya chai. "Puliza tena."

Safari hii vipande vilikimbia hadi ng'ambo ya sufuria, na majani ya chai yaliyokuwa yakielea chini yake yakavifuata mbio. Hamadi alitoa sauti ya uchungu.

"Mke wangu aliamka alfajiri kwa ajili ya chapati hizo, Bibi."

"Mwambie zimefanya kazi ya elimu," alisema Bibi Ragna, naye akala kipande kilicholowa. "Siri iko kwenye ukingo, Mwalimu. Vipande vya barafu hugongana, vikaumana, kingo zikainuka. Kila ukingo ni tanga. Upepo juu ya maji matupu huteleza. Juu ya ukingo hushika."

Nilielewa. Kisha, polepole, kama mtu anayehisi jino linaanza kuuma, nikageuka kuyatazama magunia nyuma ya gari.

"Na pasipo ukingo?"

"Upepo hauna pa kushika. Unakuwa na kifuniko kilichokatwakatwa tu, mkuu wangu atafurahi sana. Fundi alizifanya kali?"

"Kazi ya Fundi Sefu," nilisema, "mfano wake bado sijauona."

Ningeweza kusema palepale. Karatu ilikuwa nyuma yetu kidogo tu, msumeno uko, Sefu yuko, na siku zilikuwa bado zinatosha. Lakini Hamadi alikuwa anasikiliza, na jambo analolisikia Hamadi asubuhi, mchana liko mnadani. Nikanyamaza kwa ajili ya heshima yangu. Nyati akajiondokea kwa hiari yake, nami nikakosa hata kisingizio cha kurudi.

Ukingoni ukungu ulipasuka, na Kreta yote ikaonekana chini, na weupe wa magadi katikati. Bibi Ragna alisema ni kama bahari ya kwao wakati wa majira ya baridi, ikitazamwa kutoka mlimani. Siku nyingine ningefurahi kuambiwa hivyo. Siku hiyo niliona sinia kubwa jeupe, laini, lisilo na ukingo.

Nainokanoka

Huko tulichelewa kwa sababu ya kupokelewa. Katibu wa tawi, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, alikuwa amesikia kwamba mtaalamu anakuja na mbao. Habari za kule hutembea kwa miguu lakini hufika kabla ya gari, na zinapofika zimeshanenepa. Katika kunenepa kwake mbao zilikuwa za shule. Watu walikuwa wameitwa, mbuzi amechinjwa, wimbo umeandaliwa.

Niliombwa kwanza nieleze barafu ni nini. Nilisimama mbele za watu kwa muda mrefu, kwa Kiswahili na Kimaasai changu cha kuombea maji. Nikatumia mfano wa mafuta ya kondoo yanavyoganda, nikatumia kioo cha dirisha la Landrova. Nilipomaliza, mzee mmoja aliniuliza kama nasema juu ya ile inayokaa kwenye birika la ng'ombe asubuhi za baridi, ambayo huivunja kwa fimbo ng'ombe wanywe. Nikakubali kwamba ndiyo.

"Basi ungesema," alijibu, akaketi.

Katibu akachukua nafasi. "Ndugu wananchi! Maadui wetu ni ujinga, umaskini na maradhi. Leo mtaalamu ametufunulia adui wa nne: barafu! Popote ilipo tutaipiga vita!"

Watu wakapiga makofi. Yule mzee akanyoosha fimbo.

"Na ile ya kwenye birika?"

Katibu alifikiri. "Hiyo ni ya kwetu. Iacheni."

Bibi Ragna aliuliza kinasemwa nini. Nikamwambia wanamkaribisha, jambo ambalo kwa ujumla lilikuwa kweli. Tukala nyama ya mbuzi, tukanywa maziwa yaliyoganda yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Kisha Katibu akataka magunia yafunguliwe, wananchi wazione mbao zao.  Nilimwambia kwamba mbao zile ni za kitaalamu, na mbao za kitaalamu zikipigwa na macho ya watu wengi hupinda. Aliniamini mara moja kwa sababu ya lile neno. Ni aibu nyingine hiyo, lakini ndogo. Naitaja tu kwa kuwa nimeahidi.

Punda walikuwa wa Nasieku, mama wa makamo mwenye wake wenza wawili na sauti ya kutosha wote watatu. Hakuwa na haja na hotuba. Alikuja kwenye mzigo, akaupima kwa goti.

"Takwenya, Yeyo," nilimwamkia kwa Kimaasai.

"Iko," aliitikia, kisha akaniita kwa kabila langu. "Mmbulu, mbao hizi zinakwenda kufanya nini ziwani?"

"Bibi atazitia majini."

"Halafu?"

"Ataziangalia zinavyokwenda."

Akamtazama Bibi Ragna kutoka kofia hadi viatu. "Mwambie pole. Mume wangu ana mtoto wa kaka yake aliye hivyohivyo. Hatumwachii mbuzi, lakini anakula vizuri."

Kuteremka Empakaai

Hamadi alibaki Nainokanoka kulinda gari, yaani kulala. Sisi tulifuata punda kwa miguu kupita nyasi za juu, upepo wa baridi ukitupiga usoni, Nasieku na wake wenzake wawili mbele wakitembea kama wanaokwenda kisimani tu. Tulilala kwenye boma la ndugu zao huko juu, kukapambazuka nyasi ni nyeupe kwa jalidi, ule umande ulioganda. Bibi Ragna akapita juu yake akitabasamu kama aliyekuta barua ya nyumbani.

Njia ya kuteremka inapita msituni, mwinuko mkali, mizizi imetokeza kila mahali. Nitawaambia jambo ambalo hata padri sijamwambia. Niliomba punda ateleze. Sikuomba afe, niliomba tu ateleze vizuri, magunia yabingirike mpaka chini, zile mbao zipasuke, zichongoke, zipate kingo, na lawama iwe ya punda. Niliwatazama wale punda kila walipokanyaga. Sijawahi kuona wanyama wenye miguu imara kama wale.

Chini kulikuwa na ufuko mwembamba, maji ya kijani, heroe wa waridi kwa maelfu wakisimama kwa mguu mmoja, na upepo. Upepo ulikuwa unashuka kutoka ukingoni na kuyakunja maji kama mkono unavyokunja shuka. Bibi Ragna hakupumzika. Alisimika mlingoti wenye vikombe vinne vinavyozungushwa na upepo ili kuupima. Alisimika vijiti viwili ndani ya maji ya kina kifupi, kimoja hapa na kimoja mbali kule kwenye mdomo wa kihori kidogo chenye matete. Akatoa chupa za dawa za dada yake, amezijaza maji karibu zote ili zizame na kuacha kizibo tu, na chini ya kila moja amefunga kitambaa ili isogee na maji, si na upepo. Chupa ikitoka kijiti hadi kijiti haraka, maji yanakwenda haraka. Hata mimi nilielewa.

Kisha akafungua gunia la kwanza.

Aliupitisha mkono juu ya ubao. Akauweka chini, akachukua wa pili, wa tatu, akafungua gunia jingine. Nasieku alikuja akachungulia begani mwake, akasifu.

"Ni mbao nzuri sana," alisema Bibi Ragna mwishowe. "Zingefaa meza." Kisha, bila kunitazama, "Ni fundi?"

Fundi Sefu alikuwa mbali. Angeweza kubeba lawama, na asingejua kama amebebeshwa.

"Ni mimi," nilisema. "Niliagiza mwenyewe. Na tangu siku ile ya chapati nilijua, nikanyamaza."

Hakufoka. Dada yake angefoka, na ningepona haraka zaidi. Alizitia mbao majini vilevile, maana upepo ulikuwepo na haungemngoja. Zikalala juu ya maji laini, zinang'aa kwa nta ya Sefu, zikasogea kwa uvivu kama bata walioshiba, na upepo ule mzuri ukapita juu yake na kwenda zake. Alasiri nzima ya upepo ilipotea hivyo. Jioni hewa ikatulia. Siku iliyofuata haikuvuma kitu cha kupimika, si kwa mbao wala kwa maji matupu, na chakula chetu kilikuwa cha siku chache.

Mavi na majivu

Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe namtazama Nasieku akiziba ufa kwenye kibuyu kwa mavi makavu, ndipo nikamkumbuka mama wa Kimaasai anavyojenga nyumba: fito, kisha mavi na majivu, na ukuta unasimama miaka. Nikamwendea Bibi Ragna. Nilimweleza kwa uoga. Alisikiliza, akauliza ukuta huo hukauka kwa muda gani na hulowa kwa muda gani. Nilisema jua la siku moja hukausha. Kulowa sijui, nyumba zao hazielei.

"Waulize," alisema. "Na safari hii sema nilichosema mimi."

Nikaenda. Akina mama walicheka mpaka punda wakageuka. Walipomaliza, Nasieku alikuwa na uso wa biashara.

"Tunaweza. Lakini sikiliza, Mmbulu. Sisi hatumpakii mtu kitu chake. Mwanamke akipaka, ni nyumba yake. Mume wangu mwenyewe huingia nilikopaka mimi kwa kuwa namruhusu. Tukizipaka mbao hizi, ni zetu."

"Zote?"

"Utapaka nusu ukuta?"

Katibu alikuwa anazingoja kwa ajili ya shule, na mimi nilikuwa nimetikisa kichwa kwa namna ambayo Katibu aliielewa kuwa ndiyo. Nilimweleza Bibi Ragna masharti kama yalivyotamkwa, bila kuongeza wala kupunguza. Alikubali kabla sijamaliza.

Mavi hayakuwepo chini. Ng'ombe walikuwa juu. Aliyeyabeba ni yule aliyesababisha. Nilipanda na kuteremka njia ile na gunia mgongoni, mzee mzima, mwalimu wa nusu ya madiwani wa Karatu, na kila nilipofika chini nilikuta hayatoshi. Kisha wakanitaka nipake pia.

"Kwa kiganja chote," alisema mke mwenza mdogo. "Unapaka kwa kidole kama unaonja uji."

"Mwacheni," alisema Nasieku. "Watu wa kwao wanalima. Wamezoea kugusa uchafu kwa jembe."

Bibi Ragna alipaka kama amezaliwa bomani. Alizivuta zile kingo ziwe mbaya, zichongoke, na akina mama waliotaka kuzinyoosha aliwazuia mikono kwa ukali. Nasieku aliniuliza kwa nini mgeni anataka ukuta wa ovyo. Nilimwambia ndivyo barafu ya kwao ilivyo.

"Kumbe hata mimi nilitaka kuzilainisha," alisema. "Nani angejua."

Sijui kama alijua alinifariji kiasi gani.

Tuliziacha juani siku nzima. Kesho yake alasiri vikombe vya mlingoti vilianza kuzunguka, kwanza kama vya kahawa mikononi mwa muuzaji mzee, kisha kwa mlio. Tukaingia majini sote, tukazisukuma mbao zile zenye kuta za mavi, tukaziachanisha, chupa zikiwa kati yake. Upepo ukazishika. Jamani, zilikwenda! Ziligongana, zikageuka, zikashindana, na vizibo vya chupa vikakimbia kati yake kama watoto wanaofuata arusi. Bibi Ragna alikuwa na saa mkononi na midomo imekazwa. Chupa ya kwanza ilipopita kijiti cha pili alisema namba kwa lugha ya kwao.

Kisha mbao zikaingia kwenye kihori cha matete, zikabanana bega kwa bega, hazina pa kwenda. Upepo ulikuwa uleule, vikombe vilikuwa vinalia vilevile. Chupa zilizokuwa chini yake zikasimama. Zilisimama kabisa, kama chai chini ya chapati nzima. Mkuu wake alikuwa na haki hapo, na hapo tu.

Kingo zikaanza kulowa na kumomonyoka. Hatukupata mara ya pili. Tulipozitoa mbao zilikuwa laini tena, na upepo ukakata.

Nilidhani tumemaliza, nikampa mkono. Hakuupokea.

"Nina barafu iliyo huru na barafu iliyobanana," alisema. "Sina maji matupu kwa upepo huu. Mkuu wangu atasema maji yangekwenda mbio hivyohivyo bila barafu, kwa kuwa upepo ulikuwa mkali. Na sitakuwa na la kujibu. Siku ya kwanza tulikuwa na upepo huu huu, Mwalimu. Kingo zingekuwepo siku ile, leo ningepima maji matupu."

Hakulisema kwa hasira. Alikuwa anahesabu tu, na mimi nilikuwemo kwenye hesabu.

Kupanda

Asubuhi ziwa lilikuwa kimya. Unga ulikuwa umekwisha, na akina mama walitaka kupanda kabla ya jua kuwa kali. Mvua zilikuwa zimekaribia na paa zilikuwa zinangoja. Bibi Ragna aliomba tungoje hadi adhuhuri. Nilimwombea kama alivyosema. Nasieku alikaa, akavuta ugoro, akangoja kwa uungwana mpaka adhuhuri na ikapita. Hakikutikisika kitu. Basi akazipakia mbao zake. Nyingine walizibeba wenyewe mgongoni, kwa ukanda wa ngozi kwenye paji la uso. Hizo sasa ni milango na vitanda, Katibu akitaka akawaombe mwenyewe.

Tulipanda tukiwa wa mwisho, mimi na Bibi Ragna. Katikati ya mlima nilisikia mlio nyuma ya kichwa changu. Nilikuwa nimebeba mlingoti wake begani, na vile vikombe vilikuwa vinazunguka. Bibi Ragna aliunyakua, akaunyoosha juu, akatazama saa, midomo ikihesabu. Akahesabu tena.

"Ni uleule," alisema. "Ni upepo wa jana."

Hakuniita. Aligeuka tu na kuteremka mbio, anaruka mizizi, chupa zinagongana kwenye mfuko wake. Nilimtazama Nasieku huko juu, nikalitazama ziwa, nikayatazama magoti yangu. Nikamfuata. Sehemu kubwa ya njia niliteremka nimekaa.

Vijiti vilikuwa bado vimesimama. Alinituma kwenye kile cha mbali, kwenye matete, akaniambia nipaze sauti chupa ikifika. Niliingia mpaka kiunoni. Upepo ulikuwa unanipiga maji usoni, maji ya chumvichumvi yanayowasha macho. Kutoka ng'ambo ile aliachia chupa kwenye maji matupu, yasiyo na ubao hata mmoja.

"Imefika?" alipiga kelele baada ya muda.

"Bado!"

Nilikuwa nakiona kizibo. Kilikuwa kinakuja, lakini kinakuja kama mtu anayekwenda kulipa kodi.

"Mwalimu! Imefika?"

"Bado!" Sikutaka kusema bado. Nilitaka sana kumwambia imefika, kumpa kitu cha furaha. Lakini ilikuwa bado.

Alitazama saa, akanitazama mimi, na muda uliotumiwa na chupa iliyopita kati ya mbao ukawa umepita zamani. Aliuliza tena, sauti imebadilika, karibu ananibembeleza. "Bado, Mwalimu?"

"Bado, Bibi! Bado kabisa!"

Basi yule mwanamke akatupa kofia hewani. Alirukaruka pale ufukoni, heroe wote wakaruka pamoja naye, akawa anapiga kelele kwa lugha ya kwao kuelekea kaskazini, kwa mtu fulani ambaye hakumsikia.

Akina mama walikuwa wamesimama mlimani juu yetu, mbao migongoni. Nasieku akaweka mikono mdomoni.

"Mmbulu! Anashangilia nini? Kimefika?"

"Hapana!" nilimjibu. "Anashangilia kwa kuwa kimechelewa!"

Kicheko chao watatu kikateremka mlima mzima.

"Mwambie asirudi kwao," alisema Nasieku. "Mwambie hapa kwetu atafurahi kila siku."